Tuambieni Namba ya Bomba Letu

Leo sina habari za kikao wala za uteuzi. Nataka tuongelee maji tunayokunywa.

Tangu Machi 2025, gavana wa jimbo la Utah kule Marekani aliposaini sheria ya kupiga marufuku kutia floraidi kwenye maji ya bomba, magrupu yetu ya WhatsApp hayajapoa. Kila siku klipu mpya. Kuna jamaa kavaa koti jeupe anasema floraidi ni mpango wa serikali kuwafanya watu mazezeta. Kuna dada anamwaga dawa ya meno chooni. Na machalii wa Chuga wanasambaza tu, "jamani amkeni, amkeni". Nacheka, halafu nashindwa kucheka.

Kwa sababu hiyo floraidi Wamarekani wanayogombania wanaitia wenyewe, kwa kipimo, tangu mwaka 1945 walipoanza na mji wa Grand Rapids, ili meno yasioze. Kipimo wanachoshauriwa ni miligramu 0.7 kwa lita. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema isizidi 1.5. Sasa njoo huku kwetu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1984 walipima mito ya miteremko ya Mlima Meru wakakuta miligramu 12 hadi 26 kwa lita. Kwenye mabwawa na maziwa ya magadi walifika hadi 690. Maziwa tuyaachie flamingo, hatuyanywi. Lakini mito! Chukua hiyo ndogo kabisa, 12. Ni mara 17 ya kipimo kinachowatoa Wamarekani mapovu. Wao wana gavana, wana wanasheria, wana televisheni zinazobishana usiku kucha. Sisi tuna usemi mmoja tu: "Ah, hayo ni maji ya Arusha."

Kwa haki niseme pia kwamba sio kila maji ya Arusha yako hivyo, na hapo ndipo penye hoja yangu yote. Floraidi inabadilika kutoka chemchemi hadi chemchemi, kisima hadi kisima. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na chanzo salama huku na chanzo cha hatari kule, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Hakuna aliyetuwekea sumu. Mlima Meru ni volkano, mara ya mwisho ulitema majivu mwaka 1910, na miamba yake ina madini yenye floraidi nyingi. Mvua inanyesha juu, maji yanapenya kwenye miamba na majivu ya kale, yanayeyusha floraidi taratibu, yanatokea chini maangavu, ya baridi, matamu. Haina rangi, haina harufu. (Maji ya Chai pamepata jina kwa rangi ya mto wake, na Engare Nanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu, lakini rangi hiyo siyo floraidi, msichanganye.)

Kwa hiyo chombo pekee cha kumwambia mama wa Kikwe au King'ori kama ndoo yake ni salama ni namba. Na namba hiyo hana.

Mimi ni mtoto wa Maji ya Chai na nina hayo meno. Wengi mnaosoma hapa mnayo, hatuna haja ya kufichana. Mtu wa Dar au Mbeya akikuona anadhani hupigi mswaki. Meno yetu hayajachafuka kwa juu. Floraidi inaingia wakati jino linajengwa ndani ya fizi, tangu uchanga mpaka miaka kama minane hivi, na likichomoza linachomoza na madoa yake. Ndiyo maana mkaa hausaidii, ndimu haisaidii, na mswaki utaumaliza bure. Wengine wanatia magadi kwenye makande yaive haraka, na magadi mengi ya kwetu nayo yana floraidi, kwa hiyo mtoto anapata dozi mbili. Na kuchemsha maji, ambako tumefundishwa tangu chekechea kwamba ndiko kuyasafisha, kunaua vijidudu lakini floraidi inabaki pale pale. Tena maji yakipungua sufuriani, yenyewe ndo inazidi kukolea. Hili moja tu lingesemwa kwenye kila kliniki ya wajawazito wilayani Meru na Arusha, tungekuwa tumefanya jambo.

Mwaka jana niliomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi moja ya mawakili hapa mjini. Sitaitaja, na najua haiko peke yake. Mzee aliyenihoji alisoma matokeo yangu, akayasifu, halafu akaniambia kwa upole kabisa, kama baba: "Binti yangu, kwenye kazi hii mteja anaangalia mdomo wa wakili." Nafasi sikupata. Rafiki zangu wa kike wana namna yao ya kucheka na kiganja mdomoni, na wenye simu nzuri wana programu inayong'arisha meno kabla hawajapost. Simu ya Mchina imetuhurumia kabla ya Wizara.

Lakini mkinisikia nalalamika kuhusu sura tu mtakuwa hamjanielewa. Meno ni kengele. WHO wanasema kuanzia miligramu 3 hadi 6 kwa lita, mtu akinywa kwa miaka, mifupa inaweza kuanza kuathirika. Ikizidi 10, inaweza kumlemaza. Pandeni upande wa kaskazini wa mlima mkatazame miguu ya watoto, na wazee waliokakamaa shingo na magoti, ambao majirani wanasema wamerogwa au ni ukoo wao. Na kuna jambo jipya. Agosti 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu (NTP) ilitoa ripoti kwamba, kwa uhakika wa kiwango cha kati, floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita inahusiana na watoto kupungukiwa uwezo wa akili. Kuhusu 0.7 yao walisema ushahidi hautoshi. Someni tena hapo. Ripoti ambayo Wamarekani wanapigiana kelele inawagusa wao kidogo, inatugusa sisi sana. "Inahusiana" siyo "inasababisha", na mimi si daktari. Ila ningekuwa Waziri wa Elimu, mwenye shule za msingi kuuzunguka mlima huu, ningetaka kujua kabla sijawalaumu walimu kwa matokeo ya darasa la saba.

Na hiyo elimu yenyewe, jamani. Sekondari tuliimba halojeni zote kwa Kiingereza, florini ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Mtihani ukaja, tukajibu, tukapata alama zetu. Hakuna siku mwalimu alituambia kitu hicho hicho kiko kwenye tanki la shule nyuma ya jiko. Simlaumu, kitabu hakikumwambia. Kemia tumeifanya lugha ya mtihani, ikiisha karatasi imeisha.

Sasa nije kwenye fani yangu, maana hapa ndipo nilipopandwa na hasira.

Mwaka 1974 nchi yetu iliweka viwango vya muda vya ubora wa maji, na kwa floraidi vijijini kiwango kikawa miligramu 8 kwa lita. Nane! Sababu inaeleweka. Fedha hazikuwepo, vyanzo mbadala havikuwepo, na kufunga visima vyote vya kaskazini kungewaacha watu na kiu. Sawa, nchi ilikuwa changa, namwelewa aliyesaini. Lakini hilo neno "muda" lina maana yake kwa mwanasheria. Mwaka 1984 WHO wakaweka mwongozo wa 1.5. Sisi baadaye tukashuka mpaka 4, tukakaa hapo, na ni kiwango cha TBS cha mwaka 2018 ndicho kilichotufikisha 1.5. Hesabuni kutoka 1984: miaka 34. Mtoto aliyezaliwa Ngarenanyuki mwaka 1984 alikua, akaoa, akapata watoto nao wakawa na meno kama yake, na muda wote huo maji yake yangeweza kuzidi mwongozo wa dunia mara mbili au tatu na bado yakaitwa, kwa karatasi ya serikali, maji salama.

Yaani ukitaka kuondoa tatizo bila kuligusa, pandisha kiwango.

Na msije kuniambia wataalamu hawakuwepo. Ngurdoto, pale pale jirani na kwetu, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Kazi yao kubwa ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto linalodhibitiwa, inasagwa, inawekwa kwenye chujio, na maji yakipita humo floraidi inang'ang'ania kwenye mifupa. Hakuna uchawi hapo, ni ile ile tabia ya floraidi kupenda mifupa, ila safari hii inakamatwa na mfupa wa ng'ombe kabla haijafika kwenye wa mtoto. Kuchoma kunahitaji umakini (mfupa ukiiva vibaya maji yananuka), na chujio likijaa lazima mifupa ibadilishwe. Nakuru, Kenya, ambako bonde la ufa limewapa tatizo kama letu, programu ya maji ya Jimbo Katoliki imefanya kazi ya machujio ya mifupa kwa miaka mingi na imefika majumbani kwa watu.

Ukitoka Ngurdoto ukarudi kuelekea mjini, kabla ya soko la Tengeru lenyewe kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Mhadhiri wake, Dkt. Askwar Hilonga, ndiye aliyeshinda tuzo ya kwanza kabisa ya uvumbuzi wa uhandisi barani Afrika, ya taasisi ya wahandisi ya Uingereza (Royal Academy of Engineering), mwaka 2015, pauni 25,000. Alishinda kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa eneo husika, floraidi ikiwemo. Dunia ilimpigia makofi, magazeti yetu yakaandika, viongozi wakapiga naye picha. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, nakumbuka tulivyojivuna.

Swali la kijinga: ukitembea leo kutoka geti la taasisi hiyo, kilometa chache tu kwa mguu, ukakuta bomba la jamii, utajuaje floraidi yake ni ngapi? Hutajua. Tuna uvumbuzi wenye tuzo na bomba lisilo na namba, kwenye barabara moja.

Hapa wapambe wataleta mradi mkubwa wa maji wa Arusha. Nauheshimu. Sh bilioni 520, sehemu kubwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, lengo kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200. Kuna mitaa ya mjini iliyokuwa inapata maji kwa mgawo usiku wa manane na sasa inafungua bomba mchana. Anayekataa hilo anatuharibia hoja. Lakini mkopo ni wetu, tutaulipa mimi na wewe na watoto wetu, na lita ni kipimo cha wingi. Kaulimbiu yao ni kumtua mama ndoo kichwani. Haya, katuliwa. Kwani ndani ya ndoo kuna nini?

Nendeni dukani mkachukue chupa ya maji. Chupa nyingi zina kibao kidogo cha madini ubavuni, na floraidi imo, kwa namba. Mwenye shilingi elfu moja ya chupa anaambiwa anachokunywa. Bibi mwenye dumu la lita 20 pale gengeni haambiwi. Mimi ningekuwa na hoja moja tu ya kupeleka bungeni kuhusu sayansi na teknolojia katika nchi hii, wala isingekuwa akili bandia wala droni wala setelaiti. Ingekuwa hiyo: kila kioski, kila kisima, kila bomba la jamii libandikwe kibao chenye namba ya floraidi, tarehe ya kipimo, na jina la ofisi iliyopima. Kwa Kiswahili. Kikizidi 1.5 kiandikwe kwa rangi nyekundu: "Asinywe mtoto chini ya miaka 8." Mama akijua, atafanya hesabu zake. Atakinga ya mvua kwa ajili ya mtoto, maana mvua kutoka kwenye bati haina floraidi ya kutisha, na yale ya bomba atafulia na kuogea. Hilo halihitaji mkopo wa mabilioni.

Najua kibao chekundu kitaleta shida. Mwenyekiti wa kijiji ataulizwa maswali, mbunge ataulizwa maswali. Bei ya kiwanja inaweza kushuka. Hoteli za Usa River hazitafurahi. Kuna jamaa yangu, tena mwanachama mwenzetu, aliniambia kibao kitawatia watu hofu wakanywe maji ya mto yenye kipindupindu. Hiyo ni hoja ya kweli na naichukulia kwa uzito, kwa sababu kipindupindu kinaua kwa siku mbili na floraidi inachukua miaka. Jibu langu ni kwamba kibao kiseme yote mawili, na kando ya kila kibao chekundu pawe na maelekezo ya chanzo kilicho karibu chenye namba nzuri. Kumficha mtu habari ili asiogope ni kumfanya mtoto. Mama zetu si watoto.

Tena tukumbushane ni nchi gani tunayodai namba ndani yake. Mwaka ule ule wa 2018 kiwango kiliposhushwa kuwa 1.5, Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kusambaza takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai, faini isiyopungua Sh milioni 10 au jela isiyopungua miaka mitatu. Yalirekebishwa mwaka 2019 baada ya kelele za ndani na za wafadhili. Lakini hofu huwa haifutwi na Gazeti la Serikali. Mwalimu wa kemia mwenye kipima floraidi cha mkononi bado anajiuliza mara mbili kabla hajaandika kwenye grupu la kijiji alichokipata.

Wenzetu wa Marekani, kabla ya Utah, walikuwa na kesi. Mashirika ya kiraia na wazazi waliishtaki mamlaka yao ya mazingira mwaka 2017, na Septemba 2024 Jaji Edward Chen wa San Francisco akaiamuru mamlaka hiyo ichukue hatua kuhusu floraidi ya 0.7. Ukubaliane naye usikubaliane naye, wananchi waliingia mahakamani na namba, serikali ikajibu kwa namba. Nikasoma hukumu ile nikajiuliza, huku kwetu mlango uko wapi?

Upo, ila umewekewa vizingiti. Ibara ya 14 ya Katiba inalinda haki ya kuishi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata wakiongozwa na Joseph Kessy waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa dampo lililowajaza moshi, na Jiji liliporudi kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga taka, Jaji Lugakingira alikataa kwa kuegemea ibara hiyo hiyo. Kesi hiyo kila mwanafunzi wa sheria anaisoma, anaikariri, anaiacha mtihanini. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kwenda mahakamani pale kitendo, au kutotenda, kunapotishia afya ya watu. Kutotenda! Serikali ikisema "floraidi ni ya Mungu", jibu ni kwamba hatushtaki mlima.

Halafu mwaka 2020 Bunge likabadilisha sheria ya kusimamia haki za msingi: sasa mtu anayekwenda Mahakama Kuu kudai haki za Katiba lazima aape kwamba ameathirika yeye binafsi. Wanaharakati wengi walilia, na walikuwa na sababu, maana ulikuwa mlango wa kesi za maslahi ya umma. Lakini kwenye hili la floraidi nacheka peke yangu darasani. Nani ataniambia sijaathirika binafsi? Hati yangu ya kiapo iko mdomoni. Nikifungua mdomo tu mbele ya mheshimiwa jaji, kielelezo kimeshapokelewa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ina makao yake hapa hapa Arusha. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililomruhusu Mtanzania wa kawaida na asasi kufungua shauri moja kwa moja pale. Kwa hiyo tunaishi mji mmoja na mahakama ya bara zima na hatuwezi kubisha hodi wenyewe. Rais Clinton alipokuja mwaka 2000 aliita mji wetu Geneva ya Afrika. Geneva sijafika.

Ila Wameru hatukuanza leo kubisha hodi mbali. Mwaka 1951 wakoloni waliwafukuza watu wetu Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi ya mifugo. Wazee wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York na mwanasheria Earle Seaton kuwakilisha malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa. Kura za kutosha hawakupata. Lakini dunia ilisikia jina la kijiji ambacho hata Dar es Salaam hawakijui. Wakoloni waliwapora ardhi ya Engare Nanyuki, na huru tumeirudia. Maji yake ndiyo hayo hayo yenye floraidi, na hakuna aliyechanga nauli ya kwenda popote kwa ajili ya maji.

Naamini hatua ya kwanza si kesi. Kesi bila namba hutupwa nje asubuhi, na mawakili wa serikali watasherehekea. Hatua ya kwanza ni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inasema raia akiomba taarifa kwa mamlaka ya umma ajibiwe ndani ya siku 30. Ina makengeza yake sheria hiyo, orodha ya vinavyoweza kuzuiwa ni ndefu, lakini nimeisoma kifungu kwa kifungu na sijaona ambapo floraidi ya bomba la Leganga ni siri ya usalama wa taifa. Na Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu. Kama maji ya kunywa si muhimu kwa maisha, basi sijui ibara iliandikiwa nini.

Mjini barua inakwenda mamlaka ya maji ya Arusha. Vijijini inakwenda ofisi ya RUWASA ya wilaya, nakala kwa jumuiya ya watumia maji ya kijiji. Usiandike "tunaomba hali ya ubora wa maji kwa ujumla". Watakupa asilimia ya mkoa, na asilimia ya mkoa hainywewi. Taja bomba lenyewe, kwa jina watu wanaloliita. Omba vitu vinne tu: kipimo cha mwisho cha floraidi cha chanzo kile, tarehe yake, maabara iliyopima, na mpango uliopo kama kimezidi 1.5. Andika jina lako, saini, peleka kwa mkono, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Huo muhuri ndio kielelezo namba moja siku ya mahakama. Msiweke nembo ya chama. Najua wengine mtanuna, lakini ukiweka nembo barua itajadiliwa kwenye kamati ya usalama ya wilaya badala ya maabara.

Na swali hili haliwahusu wao peke yao. Baada ya uchaguzi wa 2015 jiji la Arusha lilikuwa mikononi mwa upinzani, na siku litakaporudi, madiwani wetu wajue barua hii hii itawafuata wao, kutoka kwangu, wiki ya kwanza.

Yangu ya Maji ya Chai nimeipeleka Jumatatu. Mama wa mapokezi aliisoma mara mbili, akaangalia meno yangu, nikaona na yeye anayo kama yangu. Akagonga muhuri kwa nguvu. Aliye tayari kuandika kwa ajili ya bomba la kwao, Ngarenanyuki, Oldonyosambu, Kikatiti, Ngaramtoni, popote, aniambie jina la bomba tu, rasimu ninayo ya ukurasa mmoja, namtumia leo leo. Siku 30 zangu zimeshaanza kuhesabika.